Lori Tupu kwenye Barabara ya Nzega

Mama yangu aliishi na mguu mmoja kwa miaka kumi na moja ya mwisho ya maisha yake. Tairi la lori liliuponda ule mwingine, daktari wa hospitali ya Kitete akaukata juu ya goti, lakini aliyeanza kazi hiyo ni mimi, kwa mdomo wangu. Nimewahi kuiandika sentensi hii mara nyingi na kuichana karatasi. Leo naiacha ilivyo, maana nimezeeka na sina tena wa kumficha.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara itokayo Tabora kwenda Nzega, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka mjini. Kabla ya kuwa barabara ilikuwa njia ya wapagazi, iliyoteremka kutoka nchi za ziwani, ikaingia Tabora, kisha ikaelekea pwani. Babu yangu mzaa mama aliipita akiwa na pembe begani, akarudi na vitambaa na chumvi, si mara moja wala mbili. Katika safari yake ya mwisho alimchukua mama, wakati huo msichana wa kutosha kubeba chungu na mkeka. Mama alijifunza kutembea kwa sheria za njia ile, na nakiri kwamba alizishika kuliko alivyokuja kuishika katekisimu.

Njia yenyewe, alivyoieleza, ilikuwa na upana wa mtu mmoja. Kwa hiyo sheria yake kubwa ilikuwa rahisi: aliyebeba haachi njia. Asiye na kitu ndiye anayeingia majanini, anasimama, anangoja mwenye mzigo apite, kisha ndipo anarudi njiani. Haikujalisha wewe ni nani. Mama aliwahi kumwona mwana wa mtemi, mikono mitupu, akiingia kwenye miiba kumpisha mwanamke mwenye mtungi wa maji, na yule mwanamke hakugeuza hata shingo. Ikikutana misafara miwili yote ina mizigo, viongozi wao waliinamisha vichwa wakagongana kama kondoo dume, watu wakishangilia, mpaka mmoja wao akubali kushuka. Kila akifika hapo mama alikuwa anainamisha kichwa chake na kunigonga nacho kifuani, nami nacheka mpaka nakosa pumzi.

Nilisoma kwa mapadri, nikapata ukarani katika ofisi ya barabara mjini Tabora. Hayo yalikuwa baada ya vita vya pili, Mwingereza bado ametulia kitini kana kwamba hataondoka. Malori yalikuwa yameongezeka. Yalichukua karanga, pamba na mtama kutoka upande wa Nzega kuvileta stesheni, na barabara ile ilikuwa bado ni ya watu wanaotembea katikati, mmoja nyuma ya mwingine, kama walivyotembea baba zao. Madereva walilalamika kwa matajiri wao, matajiri wakalalamika kwa Bwana Shauri, ndivyo tulivyomwita mkuu wa wilaya. Amri ikatoka. Kila mtu aendaye kwa miguu, akisikia honi, ashuke barabarani mara moja, na atakayekaidi atashtakiwa.

Ilikuwa amri fupi. Niliisoma mara mbili nikitafuta mahali inapomtaja dereva, anatakiwa afanye nini yeye. Sikupaona, na wala sikuuliza.

Nikatumwa kwa baiskeli kuitangaza kijiji kwa kijiji. Niliwasomea watu kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kinyamwezi, wakanitazama tu kama mtu aliyekuja kuwatangazia kwamba kuanzia kesho maji ni marufuku. Hakuna aliyebisha. Waliitika, wakaondoka wakitembea katikati ya barabara. Bwana mkubwa wangu ofisini akaniambia kwamba kazi yangu si kusoma bali kuwaelewesha. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilijiona mtu mwerevu.

Nilipofika kijijini kwetu nilitaka kung'aa. Watu walikusanyika uani kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, wanaume juu ya magogo na wanawake mikekani. Mama alikuwa mstari wa mbele. Nilivaa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na kofia ya serikali, na niliona jinsi alivyokuwa akiitazama kofia ile. Nikasoma amri. Mzee mmoja, aliyekuwa mpagazi ujanani mwake, akasimama.

"Karani, hebu nieleweshe," akasema. "Mimi natoka shamba na mtama kichwani. Yule wa lori amekaa kitako. Sasa nani amshukie mwenzake?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Hapo likanijia wazo ambalo nililipenda kuliko nilivyowahi kupenda wazo lolote.

"Mzee wangu," nikamwambia, "lori ni nini? Lori ni mpagazi. Limebeba mzigo wa watu arobaini. Nani hapa, mtoto wa njia hii, asiyempisha mpagazi?"

Kicheko kikalipuka. Yule mzee alipiga makofi, akaketi, akasema hilo sasa limeeleweka. Niliona nyuso zikifunguka. Amri ya Mwingereza ilikuwa imegeuka kuwa sheria yao wenyewe, na aliyeigeuza ni mimi. Mama akainua mkono kama mwanafunzi.

"Na likirudi tupu, baba?" akauliza. Aliniita baba, kama mama wengi wa kwetu wanavyowaita wana wao wa kiume.

"Likirudi tupu, mayu," nikamjibu, kwa lile neno letu la kumwita mama, "basi litawapisha ninyi."

Watu walicheka tena, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Nilikuwa nimetania, na karibu kila mtu uani pale alijua natania. Mama hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeweka neno mahali pake. Nilimwona. Ningeweza kusema, mama, huo ni mzaha, likiwa na mzigo au lisiwe nao, wewe shuka. Lakini wazee walikuwa wakinipa mikono, mwanangwa ananiletea togwa, na mimi nilikuwa nimenoga. Nikanywa, nikapanda baiskeli, nikaenda kijiji cha pili kuwaambia kwamba lori ni mpagazi.

Ofisini nilisifiwa. Watu wa upande wetu, ilisemekana, wanatii honi kuliko wote.

Miezi michache baadaye mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, binti. Mama alipopata habari akatayarisha kapu la michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akaongeza karanga na kibuyu cha asali, akajitwika, akaja mjini. Alifuatana na jirani yetu mmoja, mwanamke wa makamo, ambaye hakubeba kitu. Yaliyotokea nayajua kwa mdomo wa jirani huyo, na nilimlazimisha anieleze mara nyingi kuliko ilivyokuwa haki.

Anasema kulikuwa kweupe, jua limeshapanda, vumbi limetulia. Barabara pale imenyooka. Waliliona lori likitoka upande wa mjini, likawapigia honi lingali mbali. Jirani akashuka majanini. Mama aliendelea mbele, mkono mmoja umeshika kapu, akilitazama lile lori kwa makini. Bodi lake lilikuwa likigongagonga, na ubao wa nyuma unaning'inia.

"Tupu hilo," akamwambia jirani. "Litapisha."

Honi ikapigwa mara ya pili, na ya tatu. Jirani akamwita. Mama akajibu bila kugeuka, "Mimi nimebeba, dada." Dereva, nadhani, alimngoja ashuke kama wanavyoshuka wote. Mama naye alimngoja dereva. Dakika ya mwisho dereva alikata usukani, na huenda bila hivyo mama angekufa palepale. Tairi la nyuma likampitia mguuni. Michembe ilimwagika barabarani, na jirani anasema kitu cha kwanza alichofanya mama, kabla hajapiga kelele, ni kunyoosha mkono kuikusanya.

Dereva alimpakia kwenye lori hilohilo akamleta Kitete. Nilipofika hospitalini mguu ulikuwa umeshakatwa. Kichwani bado alikuwa na alama ya kata, ile pete ya kitambaa anayoweka mtu chini ya mzigo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo sana.

"Lilikuwa tupu," akasema.

Nikamwambia apumzike.

"Nililiangalia vizuri, baba. Nilihakikisha. Lilikuwa tupu kabisa."

Alikuwa ananitazama kama mtoto aliyefanya alivyoagizwa na bado akachapwa. Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonitoa nje. Angenilaumu ningeweza kupiga magoti. Yeye alitaka jambo moja tu: ijulikane kwamba hakuwa na kosa. Mtu aliyelelewa na msafara hawezi kustahimili kusemwa kwamba hajui kutembea njiani. Mguu aliuomboleza kidogo, kama kitu kilichopotea. Jina la kutojua njia lilimtesa usiku na mchana.

"Wewe uko serikalini," akaniambia siku ya pili. "Utawaambia lilikuwa tupu."

"Nitawaambia, mama."

Kesi ilisikilizwa mbele ya Bwana Shauri, wiki tatu baadaye, dereva akiwa mshtakiwa. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka pwani, midomo imemkauka, na kila mara alikuwa anapangusa viganja kwenye suruali. Sikuweza kumchukia, ingawa nilijitahidi. Jirani aliitwa kwanza. Akaulizwa, honi ilipigwa? Ilipigwa. Mgonjwa aliisikia? Aliisikia. Mbona hakushuka? Jirani akasema, "Alikuwa amebeba." Bwana Shauri akauliza kama mzigo ulikuwa mzito kiasi cha kumzuia kushuka. Jirani akasema hapana, haukuwa mzito. Akanigeukia mimi, karani, mtoto wa mgonjwa, akingoja niwaeleze. Mle chumbani mimi na yeye ndio tuliojua swali lilikuwa limekosea mlango.

Kisha nikaitwa mimi. Niliulizwa kama ni mimi niliyeitangaza amri kijijini kwetu. Nikasema ni mimi. Mama yako alikuwepo? Alikuwepo. Alielezwa kwamba akisikia honi ashuke?

Nilikuwa na jibu lote kinywani. Niliamka nalo alfajiri na nikatembea nalo mpaka pale. Ningesema, nilimweleza kwamba lori lenye mzigo lipishwe, na lisilo na mzigo litampisha yeye. Nilisema hivyo nimevaa kofia yenu. Na kwa sheria ya watu wangu mama yangu hakukosea, aliyekosea ni mimi. Yalikuwa maneno machache tu. Nikamwona bwana mkubwa wangu ameketi kwenye benchi la nyuma, yeye aliyenisifu. Nikaona kofia yangu magotini. Nikamfikiria binti yangu mchanga. Lakini nisijipambe: sikumfikiria mtoto sana. Niliona aibu. Nilionekana mwerevu mbele ya wazungu na mbele ya wazee, na sikutaka ijulikane kwamba werevu wenyewe ulikuwa upuuzi.

"Alielezwa," nikasema.

Bwana Shauri akaandika. Dereva akaachiwa. Ilisomwa kwamba mwendesha gari alitoa onyo la kutosha, na kwamba mwanamke aliyeumia alikaidi kwa hiari yake amri aliyokwisha kufundishwa. Jirani alipita mbele yangu mlangoni, akashika njia ya kijijini peke yake.

Nikaenda Kitete moja kwa moja, kwa sababu mama alijua ni siku gani. Alikuwa ameketi kitandani, ameomba afungwe kitambaa kizuri kichwani.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Kwamba lilikuwa tupu?"

"Kwamba lilikuwa tupu."

"Wakasemaje?"

"Wameandika, mama. Imeandikwa kwenye kitabu cha serikali kwamba wewe ndiye uliyekuwa na haki."

Akafumba macho. Akalala usingizi mzito, wa kwanza tangu aumie, hata wauguzi walishangaa. Mimi nilikaa kando ya kitanda kile na nikajua kwamba sitatoka tena kwenye jambo hili.

Alirudi kijijini. Tulimtengenezea magongo, lakini mara nyingi alikaa mlangoni, uso barabarani. Alijifunza kuyatambua malori kwa sauti. Lenye mzigo hunguruma chini chini, tupu hugongagonga. "Limejaa hilo," angesema huku anachambua karanga. "Tupu hilo." Kila mgeni alihadithiwa jinsi alivyohakikisha, na jinsi serikali ilivyoandika. Alisimulia kwa fahari. Baadaye akaanza kuwafundisha wasichana na wake vijana wa jirani: lenye mzigo lipisheni, ni haki yake, lakini tupu, wewe umebeba, simama imara, kitabu kipo Tabora kinasema hivyo.

Nililigundua hilo. Ikabidi nizunguke nyuma yake, nyumba kwa nyumba, kwa wanawake wale wale niliokuwa nimewachekesha uani kwa mwanangwa, niwaambie: msimsikilize mama, likija lori lolote shukeni.

"Lakini mama yako anasema imeandikwa," mmoja akaniambia.

"Haikuandikwa."

"Na yeye nani alimwambia imeandikwa?"

Nikaaga, nikaenda nyumba ya pili. Ndani ya siku chache kijiji kizima kilijua. Na kijiji kizima, bila kukaa kikao, kikamfichia. Walikuja kwake, wakasikiliza habari za kitabu, wakaitikia ndiyo mama, ndivyo. Wasichana walimwahidi kusimama imara. Kisha walifika barabarani wakishuka majanini hata kwa lori lililo mbali. Heshima waliyompa yeye waliipunguza kwangu. Shikamoo zao zilikuwa fupi, na togwa sikuletewa tena. Nilistahili mabaya zaidi, na kwa miaka yote hiyo niliyangoja, lakini hayakuja.

Je, mama alijua? Sijui. Mwaka wake wa mwisho, nimemletea sukari na blanketi, lori likapita likigongagonga. Hakusema "tupu hilo." Alilitazama mpaka likapotea, kisha akaniuliza kama kitabu kile cha serikali bado kipo, au vitabu vya zamani huwa vinachomwa. Nikasema bado kipo. Akasema, "Basi vizuri, baba," akanishika mkono, akauachia.

Alifariki kiangazi, wakati wa kuvuna asali. Kanisa letu lilikuwa upande wa pili wa kijiji, na makaburi karibu yake, kwa hiyo jeneza lilipaswa kubebwa kwa barabara kuu kitambo kirefu. Wanaume sita walilibeba mabegani. Mimi nilitangulia na msalaba, kama ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Wanawake walifuata wakiimba, jirani yule akiwa miongoni mwao, sasa mzee. Tulitembea katikati ya barabara kwa mstari, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilihisi kwamba tunatembea sawasawa.

Honi ikasikika mbele. Niliinua macho nikaliona likija kutoka upande wa mjini, na hata kabla ya kuliona vizuri nilisikia bodi likigongagonga. Nyuma yangu nyimbo zikakatika. Wale sita hawakusimama wala hawakushuka. Nilisikia hatua zao, na nilijua bila kugeuka kwamba wote wananitazama mgongoni. Walikuwa wamebeba. Lori lilikuwa tupu. Lilikuwa limeanza kupunguza mwendo, nalikumbuka hilo vizuri, lilikuwa limeanza kupunguza, na dereva alikuwa ameshika kofia yake kama mtu anayetaka kuivua.

Nikashuka. Hakuna aliyeniambia. Miguu yangu ilishuka yenyewe, nikaingia majanini na msalaba, na waliobeba, kwa kuwa hawawezi kuupita msalaba, wakanifuata. Mmoja alijikwaa kwenye kichuguu, jeneza likainama upande, wanawake wakapiga yowe. Dereva alipoona barabara imekuwa wazi, akaongeza mwendo akapita. Alipotufikia alinyoosha mkono dirishani kunishukuru, nami, nimesimama kwenye majani na mama yangu ameinama nyuma yangu, nikampungia.